Televisheni Iliyopewa Uhamisho

Ijulikane kwa wote wanaohusika, na wasiohusika nao wajue, kwamba Mtaa wa Tulieni hapa Mpanda mjini umeingia rasmi katika zama za maendeleo. Maendeleo hayo yaliingilia sebuleni kwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Masunga Malale, na wadau wa kwanza kutaarifiwa walikuwa watatu: mke wake, paka, na pazia la koridoni.

Nyuma ya pazia alikuwepo Scola, mke wa mtoto wake. Scola hakuwa amejificha. Alikuwa amekaa mahali pake halali.

Kwa desturi ya Wasukuma, ambayo baba yake Mwenyekiti aliileta Katavi pamoja na ng'ombe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na neno likibidi kupita linapitia kwa mtu wa tatu. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo ina taratibu zake. Mwenyekiti akikaribia sebuleni hukohoa. Kikohozi kimoja, kizito, cha kutoka kifuani. Hapo Scola huinuka, hata kama ufagio uko katikati ya chumba, huingia koridoni, pazia hushuka, na makabidhiano ya sebule huwa yamefanyika kwa amani na utulivu.

Alipoolewa, akitokea kwao Usevya, binti wa watu alidhani mzee ana kifua. Akachemsha tangawizi, akampa mama mkwe ampelekee. Mama Enoka alicheka mpaka akakaa chini. "Si ugonjwa huo, mwanangu," akasema. "Hiyo ni honi."

"Nisikilizeni kwa makini," Mwenyekiti alitangaza siku hiyo, akiwa amesimama, kwa sababu tangazo halitolewi mtu akiwa kwenye kochi. "Kuanzia leo ile tivii ya chogo imestaafu kwa mujibu wa umri. Nafasi yake itajazwa na tivii smati. Mchakato utakuwa wa wazi na shirikishi. Kuna swali?"

"Lipo," akasema Mama Enoka. "Hiyo iliyopo ina kosa gani?"

"Muda wa maswali umekwisha."

Nyuma ya pazia, Scola aliacha kuchambua mchele.

Ile tivii ya chogo ilikaa kwenye meza ya pembeni, mkabala na koridoni, imegeuza uso kidogo kama mtu anayesikiliza umbea. Kutoka kwenye kigoda chake, kupitia upenyo wa pazia, Scola aliiona yote. Kila jioni baada ya taarifa ya habari ilirushwa tamthilia ya Kiapo cha Aline. Mwenyekiti alikaa kwenye kochi, mgongo kwenye pazia. Scola alikaa nyuma na ungo wake wa mchele. Wao hawakuonana. Wote walimwona Aline. Hata hivyo Mwenyekiti alikwisha kutoa ufafanuzi, tena si mara moja, kwamba yeye haangaliagi tamthilia. Anasubiri taarifa ya habari nyingine.

Kwa Scola, Aline hakuwa mchezo. Mume wake, Enoka, yuko Karema anapakia mizigo kwenye maboti ya ziwani, na pale anapokula kwa mama lishe kuna tivii. Tamthilia ikiisha tu, Enoka anapiga kwenye kisimu cha kitochi cha Scola. "Umemwona yule mama alivyomgeuka?" "Si nilikwambia mie, yule ana sura mbili!" Ndoa yao ilikuwa changa, na tangu mwanzo ilikuwa ya simu. Salamu zikiisha kulikuwa na kimya cha kuona haya. Aline ndiye aliyewafungulia mlango: wakianza na Aline, wanafika kwenye "nimekukumbuka". Bila Aline wangeongea nini? Bei ya dagaa?

Kwa hiyo, wakati wengine wanajadili inchi, Scola alikuwa na ajenda moja tu, ambayo haikuwa na wa kuipeleka kikaoni: hiyo tivii mpya itakaa wapi?

Kamati ya Uteuzi iliundwa siku ileile. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwenyekiti. Katibu alikuwa Mwenyekiti, kwa kukaimu. Mama Enoka aliteuliwa kuwakilisha makundi maalumu. Hadidu za rejea zilikuwa ukubwa na heshima, na kamati iligundua mapema kwamba hivyo ni kitu kimoja. Mtendaji wa Kata, Bwana Danford, ana tivii ya inchi arobaini na tatu. Mtaa uko chini ya Kata. Mtaa ukizidi hizo, huo ni utovu wa nidhamu. Ukilingana nazo, ni dharau. Ukishuka sana, wananchi watajisikia vibaya. Kamati ikaazimia inchi arobaini na mbili.

Yaliyotokea dukani Scola aliyapata jikoni, kutoka kwa mama mkwe wake, ambaye akisimulia kitu huacha mwiko ukashikilia ugali peke yake.

"Yule mtoto wa dukani akamwambia, 'Mzee wangu, nina thelathini na mbili, nina arobaini na tatu, nina hamsini.' Baba yenu akasema, 'Nipatie arobaini na mbili.' 'Hiyo haipo, mzee.' 'Haipo, au hamjaagiza?' 'Haitengenezwagi, mzee.' Akavua miwani. 'Kijana, unataka nilingane na Kata?' Mtoto wa watu akaniangalia mie. Mie nikaangalia mafeni."

"Ikawaje, mama?"

"Alivyosikia inaongea, si akasahau inchi! 'Hapa kwenye rimoti unabonyeza, unaiuliza, inakujibu.' Baba yenu akamuuliza, 'Inajibu hapohapo, au inaomba muda ikafanye utafiti?' 'Hapohapo, mzee.' Mayu wane, mama yangu! Nikaona macho yamekuwa kama ya bwana harusi."

Wakarudi na arobaini na tatu. Suala la itifaki lilimalizwa kitaalamu: Mama Enoka alielekezwa kufuma kitambaa cha uzi mweupe, chenye maua, kitakachoning'inia juu ya kioo na kufunika inchi moja. Ile inchi ya ziada ikawa imewekwa chini ya ulinzi, kwa heshima ya Kata.

Kufunga aliitwa Didace, fundi wa Katumba, ambaye hakuna paa Mpanda hii hajalipanda kwa ajili ya dishi. Didace alisimama katikati ya sebule, akazunguka taratibu, akaonyesha kona ya tivii ya zamani.

"Mzee, pazuri ni hapahapa. Jua halipigi."

Nyuma ya pazia, Scola alifumba macho. Mungu akubariki, fundi.

"Fundi," akasema Mwenyekiti, "hiki kifaa ni mgeni rasmi. Mgeni rasmi anakaa akiangalia wapi?"

"Anaangalia… watu?"

"Anaangalia mlango. Mwananchi akipita barabarani aione Serikali yake ilivyopiga hatua. Weka huku."

Huku ulikuwa ukuta wa koridoni. Ukuta uleule alioegemea Scola, yeye upande huu na tivii upande ule, kama watu waliogombana wakapeana migongo. Na kochi la Mwenyekiti likageuzwa, sasa likawa linatazama pazia macho kwa macho. Upenyo wa Scola ukafa hapohapo.

"Mzee, huku hakuna soketi," Didace akajaribu tena. "Ya sebuleni inatumiwa na friji."

"Friji haliwezi kuondoka. Wageni watajuaje kama lipo?"

"Basi itabidi nitoboe, waya upite nyuma, nichukue umeme wa koridoni."

"Toboa. Maendeleo yana maumivu."

Scola alisikia mashine ikilia ukutani, usawa wa sikio lake. Vumbi jekundu la tofali likamwagikia kwenye mchele aliokwisha kuuchambua. Tundu likafunguka, pana kuliko ilivyokusudiwa, na jicho la Didace likatokea.

"Samahani sana, dada."

"Mchele wangu, kaka!"

"Sikujua kama nyuma kuna mtu. Hawajaniambia."

Waya ukapita, tundu likabaki na nafasi ya kuingia vidole vitatu. Didace aliahidi kurudi kuliziba kwa saruji. Ahadi hiyo bado iko kwenye utekelezaji.

Kazi ya kuiwasha ilichukua alasiri nzima, kwa kuwa tivii smati haiwaki tu. Inakuhoji kwanza. Iliuliza lugha. Iliuliza nchi. Ilipouliza kama inaruhusiwa kujua mahali ilipo, Mwenyekiti aliketi vizuri.

"Inataka kujua niliko kwa madhumuni gani?"

"Ni kawaida, mzee. Bonyeza ndiyo."

"Mimi huwa sijibu ndiyo papo kwa papo. Andika: suala limepokelewa, linafanyiwa kazi."

"Mzee, hakuna pa kuandika hivyo. Kuna ndiyo na hapana tu."

Mwenyekiti aliitazama ile mashine kwa masikitiko. Uongozi gani huo, wa ndiyo na hapana tu?

Mwishowe Didace alibonyeza ndiyo wakati mzee amekwenda kujisaidia. Akairushia mtandao kutoka kwenye simu ya Mwenyekiti, akaiwekea Kiswahili, akaiuliza kuhusu mvua. Ikatokea picha ya jua na wingu. Mwenyekiti akashika tama. "Imeona mpaka wingu letu," akasema polepole, na palepale akatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na uzinduzi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kwa Scola. Sauti ya Aline aliipata vizuri sana, ilipita tunduni bila kizuizi chochote. Uso wa Aline ndio hakuupata.

"Umeona kofi lile?" Enoka aliuliza kutoka Karema, mawimbi yakisikika nyuma yake.

"Kofi nimelisikia. Nani kapigwa?"

"Si ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa nasikiliza. Mwenye shavu sijamwona, Enoka."

"Ee." Mtu huko akapiga mluzi. "Haya. Hapo nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Dagaa huko wanapatikana?"

"Wanapatikana."

Simu ilikatika bila mtu kuikata.

Jumamosi ikafika. Viti vya plastiki vilikusanywa nyumba kwa nyumba. Mtendaji wa Kata, Bwana Danford, alikalishwa mbele kabisa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupima tivii kwa macho. Alipoona kitambaa na kuelewa maana yake, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wajumbe walikuwepo, majirani walikuwepo, Mama Prisila muuza nyanya alikuwepo na beseni lake, kwa sababu aliambiwa apite mara moja tu. Didace alikuwepo kama mtaalamu mwelekezi. Koridoni walikuwa Scola na Mama Enoka, na sinia la mandazi.

"Kabla hatujaanza," Mwenyekiti alisema, "naomba kila mmoja azime simu. Siyo kuitoa mlio. Kuizima. Kiongozi ni mfano." Akaitoa ya kwake mfukoni, akaizima mbele ya umma, akaiweka mezani.

"Mzee," Didace akanyoosha mkono, "hiyo simu ndiyo inayo…"

"Fundi, fuata ratiba."

Hotuba ilikuwa ndefu na nzuri. Mwenyekiti alieleza kwamba tatizo la mtaa huu kwa miaka yote limekuwa taarifa. Mtu anakwambia hivi, mwingine vile. "Lakini mashine hii, ndugu zangu, haina chama, haina shemeji, haijawahi kununuliwa bia. Mashine hii haisemi uongo!" Makofi yalipigwa. Mtendaji naye akasimama, akaunga mkono hoja kwa niaba ya Kata, na ikawa ni msimamo wa pamoja.

Utepe ukakatwa. Mwenyekiti akainua rimoti mdomoni kama anayekula muwa, akabonyeza.

"Televisheni! Waeleze wananchi: Mtaa wa Tulieni uko wapi?"

Tivii ikanyamaza. Juu ya kioo yalikuwa yametokea maandishi ya kusema hakuna mtandao, lakini yalitokea kwenye ile inchi iliyofunikwa, nyuma ya maua ya uzi, na hakuna aliyeyaona.

"Televisheni. Narudia."

Kiti cha plastiki kililia. Mama Prisila akasema, si kwa sauti ndogo, "Labda imelala."

Kwenye upenyo wa pazia Scola aliona sehemu ndogo tu ya mzee: sikio, na jasho likishuka nyuma yake taratibu. Akamwonea huruma. Mzee huyu alikuwa na makelele, lakini hajawahi kuingia chumba bila kumpa nafasi ya kuondoka kwa heshima. Hata usiku, hata akiwa na kiu, alikohoa kwanza.

"Mwanangu," Mama Enoka akamnong'oneza, amekamata sinia kwa mikono miwili, "mzee anaumbuka. Sema kitu."

"Mie, mama?"

"Si kuna tundu?"

Scola alipiga magoti, akaweka mdomo ukutani.

"Mtaa wa Tulieni," ikasema televisheni, kwa sauti nyembamba, ya upole, yenye vumbi kidogo, "uko Mpanda, mkoa wa Katavi."

Sebule ililipuka. "Kha!" akasema Mtendaji. "Tena Kiswahili cha hukuhuku!" Mwenyekiti alishusha pumzi iliyokuwa imekwama tangu utepe. Na hapa msomaji asimcheke mzee bure: tangu Scola aolewe, Mwenyekiti alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake ikimaliza sentensi. Angeijuaje? Heshima ilikuwa imefanya kazi yake kwa ukamilifu.

Didace aliitazama tivii. Akaitazama simu iliyozimwa mezani. Akautazama ukuta, mahali alipotoboa. Halafu akaangalia sahani ya mandazi iliyokuwa ikipitishwa, akachagua mandazi.

"Nani Mwenyekiti wa mtaa huu?"

"Ni Mheshimiwa Masunga Malale."

Makofi.

"Mke wake ana sifa gani?" akauliza Mwenyekiti, sasa amenogewa.

Kukawa na mnong'ono kidogo ndani ya mashine, kana kwamba inashauriana na mtu. "Ni mvumilivu sana," ikajibu. "Sana tu."

Watu wakacheka. Mtendaji wa Kata akaomba rimoti. Kiongozi akishika kitu kinachojibu, huwa anataka kukiuliza mambo mazito.

"Sasa tuingie kwenye utekelezaji. Televisheni, kuna bomba la wananchi hapa mtaani, nimepokea taarifa yake, limekamilika kwa asilimia mia. Hali ya maji ikoje?"

Scola alinyanyua mdomo kutoka kwenye tundu. Akamwangalia mama mkwe wake. Mama Enoka aliangalia pembeni, zilipo ndoo, zile wanazobeba wote wawili kila alfajiri kwenda kisimani, kule nyuma ya tanuru za matofali. Akaziangalia kwa muda mrefu. Kisha akaliweka sinia chini.

Scola akarudisha mdomo ukutani.

"Bomba lilitoa maji siku ya uzinduzi," ikasema televisheni. "Yaliletwa na madumu, yakamwagwa kwenye tenki. Tangu siku hiyo linatoaga upepo. Asubuhi huwa linapiga mluzi."

Hata paka alisimama.

"Ukweli mtupu!" akapaza Mama Prisila. "Mie mluzi huo ndio unaniamshaga!"

"Mtambo umepata hitilafu," Mwenyekiti alisema haraka. "Fundi!"

"Uko sawa kabisa, mzee," akasema Didace, mdomo umejaa.

"Mwenyekiti, Mwenyekiti," Mtendaji akatabasamu, akaegemea kiti, akakunja nne, "umetuambia sasa hivi haina chama wala shemeji. Tuheshimu takwimu. Nitahitaji maelezo yako."

Mama Prisila hakuomba rimoti. Aliinuka tu na beseni lake, akaiuliza ile mashine kama anavyouliza mtu sokoni. "Na Mtendaji mwenyewe je? Alishakuja kuliona hilo bomba?"

"Alikuja," ikajibu, bila kubonyezwa na yeyote. "Alifikia pale kwenye supu ya mbuzi, kona. Akauliza liko upande gani, akaonyeshwa kwa kidole. Akasema ameliona. Akaongeza chapati."

Mguu wa Mtendaji ulishuka kutoka kwenye nne.

Walicheka wajumbe, walicheka majirani, na mtu mmoja aliyekuwa anapita barabarani alisimama akacheka bila kujua anachekea nini, maana tivii ilikuwa imeelekezwa mlangoni kwa ajili yake. Bwana Danford aliinuka, akafunga kifungo cha koti. "Kwa kuwa muda umetutupa mkono," akasema, "na kwa kuwa teknolojia hii bado ni changa, nashauri isiulizwe masuala yanayoendelea kushughulikiwa. Kikao kimeahirishwa." Alisahau hata kuchukua andazi.

Sasa, maneno yale angeyasema Scola kwenye mkutano wa mtaa, angeambiwa anatumika. Angeyasema Mama Prisila, ungekuwa uchochezi. Yaliposemwa na mashine iliyozinduliwa kwa utepe na kuungwa mkono na Kata, yaliitwa takwimu, na takwimu hazina pa kukatia rufaa. Kuyakanusha ilikuwa sawa na kutamka hadharani kwamba viongozi wawili wamezindua kitu kiongo. Juma lililofuata vijana wenye mabomba na sululu walionekana wakichimba, Mtendaji amesimama juu yao na buti mpya, akiangaliaangalia madirisha ya nyumba za watu. Mwenyekiti alishinda huko mpaka giza, kikao juu ya kikao. Siku maji yalipotoka, ya kweli, yenye kutu kidogo, Mama Enoka aliyakinga kiganjani akayaonja kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

"Mwanangu," alimwambia Scola, "hiyo tivii yetu ina akili."

Lakini nidhamu ni nidhamu. Mwenyekiti aliitisha kamati, ikiwa na wajumbe walewale, kujadili mwenendo wa mtumishi. Shtaka lilikuwa kutoa siri za ofisi bila kibali.

"Uifukuze?" akauliza Mama Enoka, ambaye alikuwa anamenya viazi.

"Mtumishi hafukuzwi, Mama Enoka. Nimetafakari kwa kina. Itapewa uhamisho." Akanyoosha kidole kwenye kona ya tivii ya chogo. "Itarudishwa pale, isikoonekana na barabara. Ikajifunze adabu. Na mdomo wake utafungwa."

Didace akaja, akaishusha, akaitundika mkabala na koridoni, imegeuza uso kidogo. Kitufe cha kuongelea cha rimoti kikabandikwa plasta ya kidonda. Kochi likageuzwa, mgongo kwenye pazia. Scola, amekaa kwenye kigoda, akafungua upenyo wake kwa kidole kimoja. Kioo chote kilikuwa palepale, kikubwa, kinang'aa, ukiacha inchi moja ya Kata.

Jioni hiyo kikohozi kikasikika. Scola akaacha ufagio, akaingia koridoni, pazia likashuka. Mwenyekiti akaingia, akakaa. Taarifa ya habari ikaisha, muziki wa Kiapo cha Aline ukaanza.

Mzee alijikuna shingo. Kwa sababu ya vikao vya bomba, jana hakuwepo nyumbani kwa saa hizo. Akatazama mlango. Akatazama dirisha. Kisha, kwa ukucha, taratibu, akabandua ile plasta.

"Televisheni," akasema, kwa sauti ambayo Scola hakuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na kikao ndani. "Naomba taarifa fupi. Yule binti, Aline… jana alimjibu nini yule mama?"

Simu yake ilikuwa mezani, imezimwa. Kidole chake hakikuwa hata kwenye kitufe.

Scola alishikilia ungo. Ukuta wenye tundu ulikuwa kule, tivii ilikuwa huku, na kati yake na mzee palikuwa na kitambaa cha pazia tu.

"Alimwambia," sauti ikasema, nyuma ya kochi kabisa, "'Mama, nimenyamaza kwa heshima. Si kwamba sina la kusema.'"

Mwenyekiti hakugeuka. Akakohoa, rimoti mkononi. Hakikuwa kile kikohozi kizito cha kuomba njia. Kilikuwa kidogo, cha mtu aliyesikia.

Akainuka nusu, akalishika kochi kwa mikono miwili, akalivuta upande wa dirisha mpaka mbele ya pazia pakabaki peupe, hakuna bega, hakuna kofia ya kuziba kioo. Akaketi, akaongeza sauti.

"Mimi nasubiri taarifa ya habari," akaijulisha televisheni.